Stima Iliyosingiziwa

Mwanamke aliyeshikwa na uchungu hawezi kumwambia mkunga, "Nizalishe, lakini usinitazame." Akiing'ang'ania nguo yake kwa haya, mtoto hukwama na wote wawili huingia hatarini. Hapo ndipo wahenga walipoitoa methali yao ya mficha uchi hazai, wakiwa na maana kwamba anayemficha shida yake mtu awezaye kumsaidia hujinyima msaada yeye mwenyewe. Wengi huitamka methali hii wakicheka. Sylvia wa Malaba haichekei tena.

Sylvia alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Wanawake wa ng'ambo waliwaacha wasusi wao wakavuka mpaka ili wakae kwenye kiti chake, na aliyesukwa naye hakuumwa na kichwa usiku. Alikuwa mzaliwa wa upande wa Nambale, akaolewa na Okiror, mtu wa kabila la Wateso kutoka Chakol, aliyefanya kazi ya kushughulikia stakabadhi za malori mpakani. Okiror alimpenda kwa dhati. Mama mkwe wake, Mama Asekenye, alimtaja kanisani na sokoni kuwa mfano wa mkaza mwana.

Lakini Sylvia alikuwa na jambo alilolificha. Tangu utotoni alikuwa na ugonjwa wa kifafa. Kwao alimwona mjomba wake, mgonjwa wa kifafa kama yeye, akitengewa kikombe na sahani, navyo vikiwekwa nje ya jikoni kama vyombo vya mbwa, kwa kuwa watu waliamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Usiku wa kuamkia harusi, mama yake mzazi alimvuta pembeni akamwambia, "Huko unakoenda usiseme. Ukisema, utarudi na sanduku lako kabla hawajalifungua."

Sylvia aliushika ushauri huo kuliko kiapo cha kanisani. Kila mwezi alivuka kwenda Tororo, Uganda, akiaga kwamba anakwenda kununua nywele za kusukia. Na kweli alirudi na nywele, ila katikati ya pakiti hizo kulikuwa na vidonge. Hospitali zilikuwapo Busia, zilikuwapo Kocholia, upande wetu wa Kenya, na dawa ni ileile. Lakini sisi watu wa mpakani tuna upumbavu wetu: tukitaka kuficha jambo, tunalipeleka nchi nyingine tukidhani kwamba halitaweza kuturudia. Vidonge vilimtuliza. Miaka ikapita bila kuanguka, naye akaanza kujiona kama mtu asiye na ugonjwa wowote.

Siku moja Mama Asekenye alikuja kuwatembelea kutoka Chakol. Alikuja na kuku, karanga na maneno mengi, naye alikusudia kukaa juma zima. Wakati huo vidonge vya Sylvia vilikuwa vinaelekea kwisha. Alipoaga kwamba anakwenda Tororo kununua nywele, mama mkwe akaruka kwa furaha.

"Tororo? Basi twende wote! Mimi niko na dada yangu kule, na mashemeji. Si ni hapa tu karibu?"

Kwa Mteso mpaka ule si kitu. Ulichorwa katikati ya ukoo, nusu ikabaki Kenya na nusu Uganda. Sylvia angemfikishaje mama mkwe kwenye mlango wa kliniki ile?

"Aa, mama, wacha tu," alisema. "Nywele bado ziko. Nitaenda wiki ingine."

Vidonge vikaisha. Sylvia akajipa moyo kwamba siku chache haziwezi kuharibu kazi ya miaka. Siku ya tatu bila dawa, aliamka mapema akaenda kufungua saluni peke yake. Alikuwa akipanga vitana mezani alipouona mwanga ukimcheza machoni, na baada ya hapo hakujua lolote.

Alipozinduka alikuwa sakafuni kando ya draya, mashine yake ya kukaushia nywele. Ulimi ulimwuma kwa kuwa alikuwa ameung'ata. Bega la kulia lilikuwa na maumivu ambayo hakuwahi kuyajua. Mkono ulikuwa umegeukia ndani, ukakataa kabisa kugeuka nje. Nguo yake ilikuwa imelowa mkojo. Mtu mwingine angepiga kelele majirani wajue. Sylvia hakupiga. Alitambaa akachukua taulo, na kwa mkono wa kushoto akapangusa sakafu yote, akijing'ata mdomo kwa uchungu. Kisha akavua sketi kwa shida akajifunga leso. Alipohakikisha hakuna dalili iliyobaki, ndipo alipoita msaada. Hebu fikiria: mtu aliyevunjika bega anapiga deki!

"Nimeteleza," aliwaambia wote waliofika.

Okiror na mama yake walimpeleka katika hospitali moja mjini Busia. Walipokewa na daktari wa mifupa aliyeitwa Onyuka, mtu mpole asiyeharakisha maneno. Alipiga picha za eksirei, akazitazama kwa muda, kisha akamwita Sylvia na jamaa zake.

"Juu ya mfupa wa mkono kuna kichwa cha mviringo, kinakaa kwa bega kama yai kwa kijiko," alisema. "Chako kimevunjika vipande, na kimetoka kikaenda nyuma. Mtu akiteleza, bega mara mingi hutoka kwa mbele. Kutoka nyuma namna hii, ni misuli yake mwenyewe imekaza ikavunja mfupa. Mimi huona hivi kwa mtu amepigwa na stima, ama mtu ako na kifafa. Mama, umewahi kuanguka kifafa?"

Mama Asekenye alimtazama mkaza mwana wake. Okiror alimtazama mke wake. Sylvia alihisi macho yao yakimvua nguo, na ulimi wake uliojaa vidonda ukapata njia ya kutorokea.

"Ni stima," alisema. "Nilikuwa nachomeka draya. Ikanipiga shoti. Nilisema nimeteleza kwa sababu… nilichanganyikiwa."

Daktari aliutazama mkono wake. "Sioni mahali umeungua."

"Ilikuwa mara moja tu, daktari."

Onyuka hakuridhika. Baadaye aliwaomba jamaa watoke, akavuta kiti karibu. "Saa hii ni mimi na wewe tu," alisema kwa sauti ya chini. "Nataka kufungua hili bega, nipange vipande, niweke chuma na skrubu. Skrubu itashika mfupa, lakini mfupa lazima utulie. Kama kuna ugonjwa, ama dawa unatumia, niambie. Hakuna mtu nitamwambia bila ruhusa yako."

Msaada gani mwingine alikuwa akiutaka? Mtu wa kumsaidia alikuwa ameketi mbele yake, mlango umefungwa, siri imehifadhiwa. Lakini nje Mama Asekenye alikohoa, na kikohozi kile tu kilitosha kumtia Sylvia hofu.

"Hakuna," alijibu. "Situmii dawa yoyote."

Walimpasua asubuhi iliyofuata. Daktari alifungua bega kwa mbele, akakirudisha kichwa cha mfupa mahali pake, akakusanya vipande kimoja kimoja na kuvifunga kwa bamba la chuma. Ilikuwa kazi ngumu iliyomchukua muda mrefu, naye alitoka akiwa ameridhika. "Ukifuata mazoezi, utasuka tena," alimwambia Sylvia alipoamka. Sylvia alitabasamu. Vidonge alivyovihitaji vilikuwa katika duka la dawa la hospitali hiyohiyo, chini ya ngazi, lakini kwake vilikuwa mbali kama mwezini. Angeviomba vipi bila kusema ni vya nini? Badala yake akaomba Mungu, kana kwamba daktari hakutumwa na Mungu.

Huko Malaba, uongo wake ulikuwa umeshapata miguu. Saluni ile ilikuwa imefungwa nyaya za umeme na fundi kijana aliyeitwa Austine. Okiror, aliyetoka hospitali na uchungu wa kumwona mkewe akilia, alimfuata kwenye kibanda chake pamoja na vijana wa bodaboda. Hawakumwuliza swali. Walimtoa nje kwa kola, wakamwaga swichi zake na koleo zake kwenye mtaro, na mmoja akampiga kibao mbele ya watu. Tangu saa hiyo jina lake likawa Fundi Kifo. Wenye nyumba waliokuwa wamemwita wakamwambia asije.

Sylvia alizipata habari hizi kutoka kwa Okiror mwenyewe, aliyezisimulia kwa fahari. "Nimemwonyesha," alisema. "Hawezi kuua bibi yangu halafu atembee tu hivyo."

Sylvia aligeuza uso ukutani. Moyo ulimwambia, "Sema." Lakini mwanzo aliona haya kwa ajili ya ugonjwa, na sasa akaona haya kwa ajili ya uongo, na haya ya pili ikawa mlinzi wa ile ya kwanza.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, saa ya kuwaona wagonjwa, alishtuka kumwona Austine amesimama miguuni pa kitanda. Shavu lake lilikuwa bado limevimba. Mkononi alikuwa na thamosi.

"Dada, pole," alisema akitazama sakafu. "Bibi yangu amekutengenezea uji ya wimbi. Mimi… ile soketi niliipima. Nakumbuka niliipima. Lakini labda kuna mahali nilikosea, sijui. Kama ni mkono yangu imekuumiza, naomba unisamehe."

Ni nani asiyeungua kwa aibu mbele ya maneno kama hayo? Mtu aliyeonewa alikuwa amesafiri kutoka Malaba hadi Busia, akipita mbele ya watu wanaomzomea, aje amwombe msamaha mtu aliyemwonea. Ukweli ulimfika Sylvia kooni. Neno moja tu lingemvua Austine mzigo ule.

"Nimekusamehe," alisema Sylvia.

Ndiyo, alimsamehe! Alimsamehe mtu ambaye hakumkosea, akaupokea uji wake, akaunywa. Austine alimshukuru mara nyingi, machozi yakimlengalenga. Mimi ninayewasimulia nimejaribu kumhurumia Sylvia katika mambo mengi, lakini hapa nashindwa.

Wakati huo Okiror na mama yake waliingia. Okiror alipomwona Austine, mishipa ya shingo ilimsimama.

"Huyu anatafuta nini hapa? Toka!"

"Boss, nimekuja tu kuomba msamaha."

"Okiror, wacha yeye," Sylvia alisema kwa sauti dhaifu. "Nimeshamsa—"

Hakumaliza. Macho yalimgeuka, kikombe kikamponyoka, na mwili wote ukakakamaa. Kisha ukaanza kutupwa na kurushwa kitandani kama gunia lililo juu ya lori kwenye barabara ya mashimo. Povu lilimtoka mdomoni. Wagonjwa wa vitanda vya karibu waliruka wakikimbia na dripu zao, mmoja akipiga kelele, "Msimguse! Ni kifafa! Msimguse!"

Mama Asekenye alimgusa. Kikongwe yule aliweka mfuko wake chini, akamgeuza Sylvia ubavu, akakishika kichwa chake kisijigonge kwenye chuma cha kitanda, na kwa ncha ya kitenge chake akapangusa lile povu. Hakutafuta glavu wala hakugeuza uso. "Tulia, mtoto wangu," alikuwa akisema. "Tulia, tulia." Okiror alisimama kama mti. Taratibu alimgeukia Austine, na Austine akamtazama, na hapakuwa na haja ya mtu yeyote kusema nani alimpiga nani bure.

Picha mpya za eksirei zilionyesha hasara yote. Misuli ilikuwa imekaza kwa nguvu hata skrubu zikang'oka ndani ya mfupa. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimepondeka na kurudi nyuma tena, na bamba limening'inia kama bawaba ya mlango mbovu. Daktari Onyuka aliziinua picha zile kwenye mwanga. Safari hii Sylvia alisema kila kitu: kifafa, Tororo, vidonge, soketi. Alisema mbele ya wote, kwa kuwa hakikuwapo tena cha kuficha.

"Dawa yako tunayo hapa," daktari alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilimwuma Sylvia zaidi. "Ungeniambia, ningekupa kabla nikupeleke thieta kukupasua. Ile bega ilikuwa imekaa vizuri, mama. Ilikuwa imekaa vizuri sana. Sasa kichwa ya mfupa imekufa. Itabidi tutoe, tuweke ya chuma. Maumivu itaisha. Lakini mkono kupanda juu vile ilikuwa inapanda, hiyo siwezi kukuahidi."

Okiror alitoka nje bila kuaga. Mama Asekenye alibaki, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Sylvia alijifunika shuka hadi kichwani, naye kikongwe akaifunua.

"Mama, nifukuze tu," Sylvia alilia. "Najua mtanirudisha kwetu."

"Nikurudishe kwa nini? Kwa ugonjwa?" Sauti ya Mama Asekenye ilikuwa na hasira, na hasira hiyo ilitetemeka. "Marehemu baba yake Okiror alikuwa na dada anaanguka hivyo. Mimi ndio nilikuwa nalala na yeye. Sasa wewe unanikalisha kwako wiki nzima, unanipikia, unacheka na mimi, na dawa imekuishia kwa sababu yangu! Mimi nilikufanyia nini, Sylvia? Ulikuwa unafikiria mimi ni mtu wa aina gani?"

Sylvia alikuwa amejiandaa kwa miaka mingi kustahimili dharau ya watu hawa. Hakuwa amejiandaa kugundua kwamba yeye ndiye aliyewadharau. Lawama ile ilimchoma kuliko kisu cha upasuaji.

Upasuaji wa pili ulifanyika, kichwa cha mfupa kikaondolewa na cha chuma kikatiwa. Sylvia akaanza kumeza dawa yake mezani, mbele ya kila mtu, na hakuna aliyemtengea kikombe. Okiror alirudi akamtunza, ingawa kwa muda mrefu alizungumza naye kwa maneno mafupi. Maumivu yaliisha kama daktari alivyosema. Lakini mkono wa kulia ulifika usawa wa kifua, ukagoma hapo. Alipojaribu kumsuka mteja, vidole vilikumbuka kila kitu, lakini bega halikuvifikisha kichwani. Wanawake wa ng'ambo walimsubiri miezi michache, kisha wakatafuta msusi mwingine. Saluni ikapangishwa kwa muuza simu.

Deni moja la moyoni lilibaki. Siku ya soko, Sylvia na Okiror walikwenda hadi kibandani kwa Austine. Hakukuwa na swichi wala nyaya. Austine alikuwa akiuza nyanya na vitunguu vilivyopangwa kwa mafungu. Okiror alikuwa ameshamwomba radhi kwa faragha, lakini Sylvia alitaka watu wote wasikie. Alisimama mbele ya mafungu yale akapaza sauti hata wauzaji wa pande zote wakageuka.

"Austine hakuniumiza. Soketi yake ilikuwa nzuri. Mimi nina kifafa, nilianguka mwenyewe, nikaona haya kusema, nikamsingizia yeye. Mlimpiga bure, mkamwita majina bure. Ni mimi nilidanganya."

Austine aliendelea kupangusa nyanya moja kwa kitambaa, akaipangusa hata ikang'aa.

"Asante kwa kusema, dada," alijibu hatimaye. "Nimekusamehe, sina neno. Ni vile tu… nilikuwa nimeshaamini. Nilikuwa silali, nahesabu manyumba zote nimefunga stima, nikijiuliza ni gani itaua mtoto wa mtu. Mpaka leo nikishika waya, mkono inatetemeka. Bibi akaniambia wacha hiyo kazi, uza hii."

Kumbe si bega moja tu lililovunjika. Haya ilimpanda Sylvia kutoka miguuni hadi utosini, na kwa mazoea ya mtu anayeona aibu, akainua mikono yote miwili ili aufunike uso. Wa kushoto ulifika. Wa kulia ulipanda taratibu, ukaishia chini ya kidevu. Nusu ya uso wake ikabaki wazi mbele ya soko zima, machozi yakiteremka, na hakukuwa na namna yoyote ya kuificha. Mficha uchi hazai.